Jiwe la Msingi la Stesheni

Afisa wa mradi wa reli alishuka garini na bamba la marumaru, akalilaza mbele ya kibanda changu.

"Fundi Zameer, fanya hima. Keshokutwa waziri mpya anaweka jiwe la msingi la stesheni."

Bamba lenyewe nalijua. Nililichonga miaka kumi na miwili iliyopita, wiki ileile walipobomoa nyumba yangu ili treni ipite. Tangu hapo nimelisaga mara tatu. Hapa Karachi kila serikali na jina lake. Treni haijapita, na nyumba ndiyo imekwenda.

Nilipitisha kidole ukingoni. Lilikuwa nene kama tofali. Sasa limebaki kama chapati.

"Bwana mkubwa, si ununue jipya?"

Akacheka, akapuliza chai niliyompa. "Gharama za reli zimeshapanda mara nne, mzee. Unataka wanipigie kelele bungeni kwa ajili ya jiwe?"

Nikasaga. Vumbi jeupe likatimka, jina la waziri wa zamani likafutika herufi moja moja. Nikashika patasi nianze jipya.

Akanidaka mkono.

"Taratibu, mzee. Usichimbe sana. Mwakani kuna uchaguzi."