Keki Imeisha

Kidole gumba cha Tuli kilisimama juu ya simu, kikiwa bado kimegandwa na sukari ya kupambia keki.

"Mbona hutumi?" shangazi yake aliuliza huku akifunga utepe kwenye boksi. "Bibi harusi yuko roho juu. Asiposikia kitu sasa hivi, anaagiza kwingine."

Hiyo ndiyo ilikuwa oda yao ya kwanza ya harusi. Shangazi alikuwa ameutunga ujumbe mwenyewe: salamu, dua, shukrani, na mwisho kabisa, "Keki yako imeisha."

"Shangazi, imeisha, nani kaila?"

"Imeisha kuokwa, wewe."

"Hilo tunajua sisi. Yeye hayupo jikoni."

Shangazi alikaza fundo la utepe. "Basi salamu ibaki, tusionekane hatuna adabu."

Tuli akaacha salamu. Mengine yote akayafuta, akaandika: "Habari dada. Keki yako iko tayari. Njoo uichukue leo saa nane mchana."

Akausoma kwa sauti, taratibu, kisha akatuma.

Simu ikaita kabla hajaiweka mezani: bibi harusi. Shangazi alijishika kifua.

"Pokea wewe, mwanangu," alisema. "Kuanzia leo wewe ndiye mdomo wa duka."