Msikilizaji Asiyeaga

Redio ilinyamaza tena saa tisa na dakika kumi, Mama Sabina akiwa ndiyo kwanza amemtaja mgonjwa wa nne wa kuombewa.

Alivua visikilizio, akashusha pumzi, akampigia Zainabu. Ilikuwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Redio yenyewe ni ya mtandaoni, ya akina mama wa kanisa pale Likombe. Mtu huisikia kwa simu, awe nyumbani au wodini. Jumapili baraza la wazee lingekaa kuamua kama iendelee au ifungwe.

Mzee Godfrey, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alishasema lake mbele ya baraza zima. "Redio gani hii, kila alasiri inashikwa na homa? Iacheni ife, tupumzike na kelele."

Zainabu, fundi wa kompyuta wa Chikongola, alifika na kompyuta yake kwapani. Tangu Jumanne alikuwa akiutafuta ugonjwa. Kwanza alidhani rekodi za ibada zimeijaza seva, ile kompyuta inayorusha redio. Akafuta za zamani, wapi. Akaiongezea kumbukumbu, wapi. Leo aliacha kubahatisha, akaanza kuhesabu.

"Mama Sabina, seva yako ina nafasi mia. Ilipoanguka, waliokuwa wakisikiliza ni thelathini na wawili. Hizo nyingine zilikaliwa na nani?"

"Mashetani?"

"Mashetani hawana bando. Ni simu moja, hii hapa. Inaingia, inasikiliza dakika mbili tatu, inakatika bila kuaga. Tangu asubuhi mara sitini na nane."

Mama Sabina hakuelewa. Zainabu akacheka.

"Wewe shughuli hujawahi kupika? Mgeni anakuja, anawekewa sinia. Akiaga, sinia linaondolewa. Sasa huyu anatokea dirishani. Seva inamsubiri, sinia liko palepale. Mara anarudi mlangoni kama mgeni mpya, anawekewa lingine. Ikifika saa tisa masinia yamekwisha, kila kitu kinaanguka, na wewe na wagonjwa wako mko nje."

"Si uyaondoe?"

"Naweza kuiambia seva isisubiri sana. Lakini wasikilizaji wa vijijini mtandao wao unakwamakwama. Nikiwa mkali nitawafukuza na wao. Afadhali nimfungie huyu mmoja. Sema neno tu. Hakuna mtu anayesikiliza redio namna hii, dada yangu. Huyu ana kusudi."

Mama Sabina alivuta daftari. "Nisomee saa zake."

Kila siku huanza saa mbili asubuhi. Jumapili hayupo. Jumatano, siku pekee ambayo redio ilifika jioni salama, alipotea saa nne, akarudi saa nane.

Kalamu ikasimama. Jumatano saa nne Mama Sabina mwenyewe alikwenda kununua rangi, akakuta duka la Mzee Godfrey lina kufuli. Majirani wakamwambia mzee amekwenda Kilambo kumpokea shemeji yake anayevuka kutoka Msumbiji. Alifungua saa nane.

"Usimfungie kwanza," alisema. "Jumapili nitasimama mbele ya baraza. Nataka niseme nililoliona kwa macho yangu, nisije nikamsingizia mtu mzima."

Kesho yake saa tatu asubuhi, redio ikirudia kipindi cha alfajiri kilichorekodiwa, Mama Sabina alikuwa kwa muuza mihogo ya kukaanga, ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwa Mzee Godfrey, simu sikioni. Zainabu alikuwa upande wa pili wa simu, macho kwenye seva.

Mzee Godfrey alikaa nyuma ya kaunta, mbele yake kisimu kilichofungwa kwa raba. Akaingia mteja wa misumari. Mzee akashtuka, akafyatua raba, akachomoa betri.

"Amekatika," Zainabu alisema. "Hajaaga."

Mteja akalipa, akatoka. Mzee akachungulia barabara, kushoto na kulia, akarudisha betri. Dakika ikapita.

"Ameingia. Sinia la tisa."

Akaja wa bawaba. Betri nje. Akaondoka. Betri ndani.

"La kumi. Mzee mzima, na mvi zake! Nimfungie?"

"Subiri."

Ushahidi Mama Sabina alikuwa nao wa kutosha, lakini alitaka kumwona uso. Alivuka barabara, akazunguka nyuma ya duka, akapita mlango wa mabati bila kukohoa. Maneno alishayapanga. Angeanza na shikamoo, maana adabu ni adabu, kisha amuulize mzee wa kanisa anapata faida gani kuwanyima wagonjwa maombi.

Mzee Godfrey alikuwa amempa mgongo. Kisimu kilikuwa juu ya mfuko wa saruji, na humo sauti ya Mama Sabina mwenyewe, ya alfajiri, ilikuwa ikisema, "Bwana Yesu asifiwe."

Mzee akasimama wima, akavua kofia.

"Amina, mama," aliijibu simu. "Haya, omba upesi, kabla hajaja mteja mwingine."