Dizeli Yenye Moto wa Uongo

"Lori limelala na baridi, halafu mashine ya kupimia inasema dizeli inachemka?" Fundi akachomoa kihisi joto cha dizeli. Mashine ikang'ang'ania vilevile. "Kihisi hakina kosa. Kuna waya umegusa bodi ya gari, injini inadhani dizeli ni ya moto na inajipunguzia nguvu."

Mageni, dereva wa lori, alisimama kando, funguo mkononi. Wiki nzima lori lilikosa nguvu likipandisha mawe ya dhahabu, na wiki nzima tajiri wake alimtangaza stendi yote ya Geita kwamba anaiba dizeli na kujazia mafuta ya taa. Mtu mzima, baba wa watoto, anaitwa mwizi mchana kweupe!

Fundi akaingia uvunguni, akaufuata waya kwa vidole. Ubavuni mwa tangi, bolti mpya ilikuwa imeubana hadi ganda likapasuka, shaba ikabaki uchi.

"Bolti hii kaifunga nani?"

Tajiri akakohoa. "Mimi. Ya kufuli la tangi. Nilikuwa namzuia huyu."

"Basi umejiloga mwenyewe, mzee!"

"Haya, yameisha. Mageni, washa twende."

Mageni akatia funguo mfukoni.

"Hayajaisha. Twende stendi kwa miguu, mzee wangu. Ukawaambie kwa mdomo huohuo."