Dagaa wa Kuficha Dizeli

Tangu dizeli ipigwe marufuku, kila nyumba ilifungwa kisanduku cha kunusa, na aliyenuswa alipokonywa nyumba. Hata hivyo Mzee Ngonyani, ambaye hakuwahi kushika spana maishani, alikuwa akifufua Landrova ya marehemu baba yake uani, huku mkewe akikaanga dagaa kuua harufu.

Asubuhi hiyo injini ikanguruma.

"Baba Osmunda, zima! Dagaa wameisha!"

Kisanduku kikakohoa, kisha ikatoka sauti ya mkaguzi. "Shikamoo, mama. Mnapika nini?"

"Marahaba. Dagaa, mwanangu."

"Wiki ya tatu, dagaa tu?"

"Mzee haambiwi kitu kwa dagaa."

"Basi tupakulieni. Tuko mlangoni, watu wanne."

Mzee akamvuta mkewe garini. Alipotia gia, kitu kikamchoma pajani: nati tatu, zimebaki mfukoni. Akajaribu kukumbuka ni za tairi gani.