Paka Mwenye Wanja

Mabuibui yote mawili ya Bi Mwanapili yalikuwa ndani ya pipa la mchele, na aliyeyatia humo ni mumewe.

Borafya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi cherehani mstaafu wa Kikwajuni, mtu wa baraza, ambaye akisema neno wenzake hawatafuti shahidi. Mchana huu alitaka jambo moja tu: mkewe asifike ukumbini. Akifika atasema, na akisema, Borafya hatakuwa na uso wa kukaa barazani tena.

Balaa lilianza mwaka juzi, Daktari Asila wa chuo kikuu alipokuja kumuuliza kuhusu mila za watu wa mjini wanapohamia nyumba mpya. Borafya hakujua hata moja. Lakini mgeni ameshakunywa chai, simu ameshaiweka mezani inarekodi, na kusema "sijui" akaona aibu. Kizingitini paka alikuwa anajilamba. Mkewe akatoka jikoni na sahani ya mkate wa ufuta, macho kayapaka wanja. Basi Borafya akaviunga. Akasema kwamba zamani, kabla watu hawajahamia, hutangulizwa paka aliyepakwa wanja. Akilala ndani, nyumba ina heri. Akitoka, itafutwe nyingine.

Daktari Asila alishukuru sana, akaondoka akasahau mwavuli wake. Bi Mwanapili akamkimbilia nao, na aliporudi mkate ulikuwa umeshapoa. Hakumgombeza mumewe hata kidogo, na hilo likamtia Borafya wasiwasi kuliko kugombezwa.

Tangu hapo uongo ule ukapata miguu. Familia moja iliyohamia maghorofa ya Michenzani ilimpandisha paka ngazi zote huku anawaparura. Kule mtaa wa Mlandege, mwenye duka la vitambaa alikataa kufungua duka jipya mpaka paka wake apatikane, na alipopatikana, akakataa wanja. Kila penye kisa cha namna hiyo Bi Mwanapili hakukosekana, anauliza kwa upole: nani kakwambieni? Mlisikia wapi? Borafya akajua mkewe anakusanya ushahidi wa kumuumbua.

Sasa chuo kilikuwa kinarejesha matokeo ya utafiti kwa wananchi, tena katika ukumbi wa mtaa wao wenyewe, na Borafya amewekewa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Asubuhi alijaribu kwa njia nzuri. Alimwambia mkewe kwamba dada yake wa Nungwi anaumwa, aende akamtazame.

"Nshampigia," alijibu Bi Mwanapili. "Mzima, anakusalimu."

Ndipo mabuibui yakaingia kwenye mchele.

Baada ya sala ya alasiri ukumbi ulijaa. Daktari Asila aliisimulia mila ya paka kwa heshima zote, kisha akauliza kama kuna mwingine anayeikumbuka. Mzee Usi alisimama papo hapo. Bibi yake, alisema, alikuwa akimpaka paka wanja kwa mkono wake mwenyewe, na yeye Usi ndiye aliyekuwa akishika miguu. Bi Ummukulthum akaongeza kwamba wanja peke yake hautoshi, paka lazima afukizwe udi. Borafya aliitikia kwa kichwa. Kusema kweli, alishaanza kuikumbuka mila hiyo yeye mwenyewe.

Hapo akaingia Bi Mwanapili, ndani ya buibui aliloazima kwa jirani yao Kurwa, lenye vijiwe vya kumetameta kuanzia mabegani mpaka magotini. Akanyoosha mkono.

"Mimi nlikuwepo," alisema. "Mila hiyo haipo. Kaizua mume wangu, mbele yangu, mimi nimeshika sahani ya mkate."

Ukumbi ukachafuka. Mzee Usi akasema huyu aliletwa mjini na ndoa, mila za mjini angezijulia wapi. Bi Ummukulthum akataka kujua kama basi bibi zao wote walikuwa waongo. Daktari Asila akamgeukia mgeni wa heshima.

"Mzee wangu, mkeo anasema mila hii umeizua. Wewe unasemaje?"

Borafya alimtazama mkewe. Alimwonea huruma, kweli alimwonea, kasimama peke yake na buibui la watu huku watu wazima wanamzomea. Neno moja tu lingetosha kumwokoa. Kisha akawatazama wenzake wa barazani, na wote walikuwa wamemkazia macho.

"Mke wangu siku hizi anasahau," alisema.

Kicheko kikapasuka. Bi Mwanapili alikaa, akatengeneza ushungi wake.

Daktari Asila alingoja watu watulie. Akamshukuru kila aliyechangia, akasema sasa mada yenyewe inaanza, akabonyeza kitufe. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: UZUSHI MMOJA UNAVYOGEUKA MILA.

"Matokeo atakusomeeni mtafiti mwenzangu," alisema. "Ndie alienikimbilia na mwavuli siku ile, na kazi yote ya mitaani kaifanya yeye."

Bi Mwanapili alipanda jukwaani, vijiwe vikimetameta, akapokea kipaza sauti.

"Baba Sumaiya," alimwambia mumewe, "toa kalamu uandike, maana mimi siku hizi nasahau."