Bahari ya Hiribae

"La waya au la kioo?" Fundi Komora aliuliza mara ya tatu, na Kibibi bado alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Masanduku mawili ya kufugia samaki yalikuwa barazani. Moja lilikuwa na kifuniko cha wavu wa waya. La pili kifuniko chake kilikuwa kioo ndani ya fremu ya mvule, na komeo la shaba. Hiribae, mumewe, alikuwa amekwenda Kipini kufuata maji ya bahari, akamwachia neno moja tu: "Chagua wewe. Nyumba ina watoto, ina paka, ina mbuzi. Wewe ndiwe unayejua mikono yao inafika wapi."

Hiyo "chagua wewe" ndiyo iliyomchoma. Mtu ameua samaki, halafu anaambiwa achague nyumba ya samaki!

Mwaka ule wa hamsini na sita Garsen nzima ilimjua Hiribae kwa samaki wake. Aliwahi kuwa baharia, akarudi nyumbani na sanduku la kioo na samaki mmoja wa baharini mwenye milia. Kila mwezi alipanda lori kwenda Kipini, akarudi na madebe mawili ya maji ya chumvi. Zamani alilala huko siku moja. Siku hizi alilala tatu, kwa sababu, alisema, maji safi yameanza kuwa adimu. Alirudi ananukia udi, amechoka, maskini ya Mungu, na bado hakukubali mtu mwingine ayaguse madebe yake. Kibibi, mzaliwa wa Hola, hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Hata kuonja alikatazwa. "Yatakuchoma koo," mumewe alimwambia.

Mwezi uliopita Hiribae alibadilisha maji yote ya sanduku, na Kibibi akasahau kurudisha ubao juu yake. Asubuhi, mumewe ameshakwenda shamba, alimkuta binti yao Madina, wa miaka minne, ameingiza mkono majini hadi kwapani. Paka alikuwa ameketi pembeni. Samaki alikuwa anaelea tumbo juu. Hakuwa na hata alama moja ya ukucha, lakini nani alikuwa na habari ya alama? Kibibi alimchapa mtoto, akamfukuza paka kwa ufagio, kisha akaketi chini akalia, maana mwenye kosa alimjua.

Na hapo, jamani, ndipo alipofanya jambo la aibu. Alishuka mtoni na kikapu, akavua kitoto cha perege chenye milia, akakitumbukiza sandukuni. Akili yake ilimwambia hivi: wa mtoni hayawezi maji ya chumvi, kabla ya Ijumaa atakuwa amekufa, na mume ataona samaki wake kafa kwa siku zake.

Perege hakufa. Alinenepa! Hiribae alimtazama kwa muda mrefu jioni ya siku ya kwanza, akakohoa, akasema, "Mashaallah, amependeza," akaenda kula. Kibibi akashukuru kwamba Mungu amemsitiri. Hata ule ukoga mweupe wa chumvi uliokuwa ukiganda kwenye ukingo wa kioo ulitoweka, naye akadhani ni bidii yake ya kufuta.

Lakini aibu haifutiki kwa kitambaa. Kila jirani alipokuja kutazama "bahari ya Hiribae", Kibibi alikimbilia jikoni. Na mumewe alipopanda tena lori, moyo ulimsuta: anamsumbua mtoto wa watu siku tatu kwa ajili ya perege.

"Mama Madina," Komora alisema, "waya utaliwa na chumvi, na vidole vya mtoto vitapenya. Chukua la kioo."

"Basi la kioo," Kibibi alisema, bila kuinua uso.

Hiribae aliporudi alasiri, Kibibi hakumpa nafasi hata ya kuvua kofia. Mficha uchi hazai. Alimweleza yote: ubao, mtoto, paka, kikapu. Alieleza ameinama, machozi yakidondokea leso yake.

"Niadhibu unavyotaka, Baba Madina. Nimekufanya mjinga ndani ya nyumba yako."

Hiribae alivua kofia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Yamekwisha," alisema upesi upesi. "Usimwambie mtu. Huyo perege tumwache, ameshazoea chumvi."

Lo! Kibibi alitamani ardhi ipasuke aingie. Mume wa namna hii, mwanamke ampate wapi? Alimsihi akajinyooshe kitandani, sanduku jipya atalijaza yeye, angalau aanze kulipa wema kwa wema. Hiribae alikataa, akakataa tena, lakini uchovu ulimshinda.

Kibibi alitoka uani. Mbuzi wao mchanga, aliyeshinda juani bila maji, alikuwa ameangusha kifuniko cha debe na kuchopeka kichwa chote ndani.

"Wee! Chumvi itakuua!" Alimvuta kwa masikio. Mbuzi alijinasua, akarudi debeni, akanywa huku mkia ukicheza. Akanywa tena.

Kibibi alichovya kidole, akakitia mdomoni. Akasimama kidogo. Kisha akachota kwa kiganja, akanywa. Yalikuwa maji matamu, maji ya Tana, yale yale aliyoyanywa tangu azaliwe.

"Polepole, mke wangu," Hiribae aliita kutoka chumbani. "Usimwage hata tone. Kipini ni mbali."