Wimbo Mmoja kwa Wote

Siku hizo kila wimbo ulijibadilisha masikioni mwa msikilizaji. Kifaa cha kusikilizia kilimjua mtu, kikamwondolea maneno ya kumuumiza na kumwekea ya kumpendeza. Ndiyo maana Zamda, binti wa miaka ishirini na mmoja wa Morogoro, alipotoa nyimbo mbili za mwanzo za albamu yake, mama yake alizicheza jikoni huku akicheka. Zote mbili zilimhusu Hamduni, kaka yake Zamda aliyefariki.

Wimbo wa tatu Zamda alikataa kuutoa kwa njia hiyo. Aliuimba uwanjani, akawaomba watu elfu sita wavue vifaa vyao, nao wakavua. Alipofika kwenye kiitikio chenye jina la kaka yake, alilitamka wazi. Kiitikio kiliporudi mara ya pili, uwanja mzima uliimba naye maneno yale yale. Vigelegele vilivyofuata vilimfanya acheke na kulia kwa pamoja.

Nyuma ya jukwaa mama alimkumbatia, kanga imelowa machozi.

"Umeshinda, mwanangu! Wameimba jina lake!"

"Tumeshinda, Mama."

Mama akamwachia. "Na zile mbili za mwanzo, zilisema nini?"

"Zilimtaja yeye, Mama. Zote."

"Na mimi nikazicheza." Mama alipapasa masikio yake yote mawili, kuhakikisha hayana kitu. "Hebu niimbie. Anza na ule wa kwanza, na usiruke neno."